Umeme Bila Daftari: Tunduma Tunadai Hesabu Zetu



Kuna soko linajengwa Tunduma ambalo halina meza, halina machinga, wala mgambo wa kukimbiza watu. Ni soko la umeme. Mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 unatoka Iringa, unapita Kisada, Mbeya, unafika hapa Tunduma na kwenda Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600. Unaitwa TAZA, kwa maana ya Tanzania na Zambia. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 455 kwa mradi huu mwaka 2018. Mkopo huo tutaulipa mimi na wewe, na watoto wetu ambao bado hawajazaliwa.

Ukikamilika, Tunduma inakuwa kiungo cha mikoba miwili ya umeme. Kaskazini kuna Mkoba wa Umeme wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2005, makao yake Addis Ababa. Kusini kuna Mkoba wa Umeme wa Kusini mwa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1995, makao yake Harare. Tayari tumeshaungana na Kenya kwa njia ya kilovolti 400 inayopita Namanga. Ikiungana ya Zambia, umeme wa Ethiopia utaweza kupita Kenya, ukapita kwetu, ukaenda hadi Afrika Kusini. Na wa huko ukaja huku. Yote kupitia mpaka uleule ambapo leo tunabadilishia kwacha.

Mimi siupingi mradi huu. Naomba nieleweke mapema, maana kuna watu kazi yao ni kusubiri kijana wa upinzani aandike ili waseme anapinga maendeleo. Njia tunaitaka. Ninachouliza ni kimoja: kwenye soko hili, daftari liko kwa nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna bwawa la matrilioni, tuna gesi ya Songosongo na Mtwara, tuna makaa ya mawe hapo Ileje, na sasa tuna lango la kuuzia na kununulia. Daftari hatuna. Au niseme vizuri: lipo, ila sisi wenye mali hatuoneshwi.

Hesabu ya umeme inapigwaje

Nilisoma takwimu chuoni, nikarudi nyumbani, na sasa hivi nachomelea mageti Sogea. Kwa hiyo ngoja nieleze kwa lugha ya karakana.

Nchi ikitaka kujua ijenge mtambo gani, wapi na lini, au iuze umeme kwa jirani kwa bei gani, haipigi ramli. Inatengeneza modeli kwenye kompyuta. Programu za kazi hiyo zipo, nyingine ni za bure kabisa kama OSeMOSYS, kijana yeyote mwenye kompyuta mpakato anaweza kuipakua leo usiku kwa bando lake. Ila programu ni sufuria tu. Unga ni data.

Inataka kujua watu wanatumia umeme kiasi gani kila saa, saa 24, siku 365, kwa kila mkoa. Inataka kujua kila mtambo una uwezo gani, siku ngapi ulikuwa mzima, siku ngapi ulikuwa mbovu. Maji yanayoingia kila bwawa kila mwezi, masika na kiangazi. Bei ya gesi inayouzwa kwa mitambo. Masharti ya mikataba ya kununua umeme. Kila njia inabeba kiasi gani na inapoteza kiasi gani barabarani. Umeme ulikatika wapi, saa ngapi, kwa muda gani.

Ukiwa navyo hivyo, unaweza kukaa na serikali mezani na kubishana kwa heshima. Usipokuwa navyo, unabaki kupiga makofi au kulalamika. Na hapo ndipo watawala wanapotaka tuwe. Mtu anayelalamika bila namba anaitwa mchochezi. Anayepiga makofi bila namba anaitwa mzalendo.

Chukua mfano wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Kila mtu anajua megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Zimeimbwa mpaka tumezikariri. Lakini megawati ni kama spidi iliyoandikwa kwenye dashibodi ya gari. Haikuambii umetembea kilomita ngapi. Makadirio yaliyotajwa ya uzalishaji wa bwawa lile ni gigawati-saa 5,920 kwa mwaka, yaani uniti bilioni 5.92. Gawa kwa saa 8,760 za mwaka mzima, unapata wastani wa megawati kama 676. Karibu theluthi moja ya ile namba ya majukwaani. Hiyo si aibu, mabwawa mengi duniani yako hivyo, kwa sababu mto una msimu wake. Aibu ni kwamba kwenye mikutano ya hadhara hatuambiwi namba ya pili. Na mwenye kwenda kuuza umeme Zambia bila kujua namba ya pili, ataahidi Oktoba kitu ambacho mto hauna.

Kiu isiyopimwa

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye kidonda.

Tunduma ni mji wa watu zaidi ya 200,000 kwa sensa ya 2022. Mkoa mzima wa Songwe una zaidi ya watu milioni 1.3. Ni mpaka wenye malori kuliko karibu mpaka wowote wa nchi hii, kuna TAZARA, kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Lakini kwa miaka mingi umeme wetu umekuwa unakuja kwa njia ndefu ya msongo wa kati kutoka Mbeya, kama kilomita 100. Sisi ni watu wa mwisho wa bomba. Anayekaa mwisho wa bomba anajua: wa juu wakifungua wote, kwako yanadondoka.

Fundi wa kuchomelea anajua umeme mdogo ukoje. Elektrodi haishiki, mashine inaunguruma, kazi ya saa moja inachukua nusu siku. Mwenye mashine ya kusaga Mpemba anasubiri usiku. Mwenye gesti ananunua jenereta na dizeli. Mwenye saluni anawaambia wateja warudi kesho. Mwenye bucha anapunguza nyama anayochukua. Na yule aliyetaka kufungua kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa Mbozi, anakunja makaratasi yake, anaamua bora afanye biashara ya kuvusha vitunguu.

Swali la kitakwimu: hawa wote wanaonekana wapi kwenye daftari la taifa?

Hawaonekani. Mita inahesabu umeme uliopita, haihesabu umeme uliotakiwa ukakosekana. Umeme ukikatika saa kumi jioni, kwenye kumbukumbu mahitaji ya mtaa wako saa kumi jioni ni sifuri. Ukiwa dhaifu, mahitaji yako yanasomeka madogo. Mwenye jenereta amejitoa mwenyewe kwenye hesabu. Aliyeacha kufungua kiwanda hakuwahi kuandikwa popote.

Halafu mtaalamu aliyeko Dodoma anafungua jedwali, anaona Songwe inatumia umeme kidogo. Anaandika: mahitaji ya mkoa huu si makubwa, transfoma kubwa inaweza kusubiri. Inasubiri. Umeme unaendelea kuwa dhaifu. Matumizi yanaendelea kuwa madogo. Mwaka unaofuata jedwali linathibitisha lile la mwaka jana. Mtaalamu hajadanganya hata neno moja, na sisi tumebaki gizani kihalali kabisa.

Hiyo ndiyo sababu nasema suala la data si la wasomi wa Dar es Salaam. Ni suala la mama ntilie wa Majengo. Usipopimwa kiu, huletewi maji. Na njia ya kilovolti 400 ikifika hapa, modeli itakayoamua umeme ushuke Tunduma kiasi gani na upite kwenda Zambia kiasi gani itatumia data hiyohiyo isiyotuona. Tutabaki kuangalia nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, kama tunavyoangalia malori ya shaba yanapita.

Nchi moja, namba tatu

Mnataka mfano wa jinsi namba zinavyochezewa bila mtu kusema uongo? Huu hapa.

Utafiti wa REA na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wa mwaka 2019/20 ulisema upatikanaji wa umeme Tanzania Bara umefika asilimia 78.4. Namba hiyo ikapanda jukwaani, ikazunguka nchi nzima. Utafiti uleule ulisema kaya zilizounganishwa na umeme ni asilimia 37.7. Hiyo haikupanda jukwaa. Halafu Januari 2025, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati pale Dar es Salaam, serikali ikaweka mkataba wake mezani mbele ya wafadhili: tutatoka asilimia 46 kwenda 75 ifikapo mwaka 2030, tuunganishe wateja milioni 8.3. Yaani lengo la 2030 ni dogo kuliko tulichoambiwa tumeshakipata 2020!

Mtu mzima akisikia hivyo anaona kuna mtu anatufanya watoto. Ufafanuzi upo: 78.4 ilihesabu watu wanaoishi karibu na miundombinu ya umeme, hata kama kwao wanawasha kibatari. Nguzo ikipita karibu na nyumba yako, wewe una umeme. Kwa vipimo hivyo, anayekaa karibu na benki ni tajiri.

Mbele ya wananchi, namba kubwa. Mbele ya mkopeshaji, namba ndogo. Kila mmoja anapewa ile itakayomfanya atoe kitu: sisi kura, wao hela.

Ni hivyohivyo kwa vijiji. Tunaambiwa vijiji vyote 12,318 vimefikiwa. Sawa, pongezi kwa mafundi waliobeba nguzo hadi Kamsamba kwenye jua lile. Lakini nchi ina vitongoji 64,359, na mwaka 2025 karibu nusu yake ilikuwa bado. Kijiji kinahesabiwa kimefikiwa taa ikiwaka kwenye shule, zahanati na nyumba chache za kati. Nenda vitongoji vya Momba uwaambie wamefikiwa, uone watakavyokuangalia.

Na hesabu hizi zina bei. Tangu Januari 2022, kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Mjini ni shilingi 320,960, kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Sasa mtu wa pembezoni mwa mji kama wetu, ana nyumba ya tofali za kuchoma, shamba la mahindi nyuma, kuku uani, na barabara ya vumbi, lakini mwenyekiti wake anaitwa wa mtaa siyo wa kijiji. Neno moja kwenye jedwali linamgharimu karibu shilingi 294,000 zaidi ya ndugu yake. Wabunge wa pande zote wamelipigia kelele jambo hili. Dawa yake ni data ya kaya: kipato, makazi, umbali na nguzo. Tukiamua kwa jina la eneo, tunawatoza maskini kwa sababu ya tangazo la gazeti la serikali.

Bilioni 32 za kaskazini

Machi 2025, Rais Samia akiwa Kilimanjaro alisema serikali inapanga kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kusafirisha umeme kutoka kusini kwenda kule kunatupotezea shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Nchi ikachemka. Watu wakauliza, si tuna bwawa jamani? Vijembe vikawa vingi kuliko hesabu.

Mimi nasema hivi: huenda Rais yuko sahihi. Nchi nyingi zenye umeme wa ziada zinanunua kwa jirani pembezoni kwa sababu ya umbali. Jirani zetu wa Rukwa wamewashiwa taa na umeme wa Zambia kwa miaka, na hakuna aliyeandamana. Lakini "huenda" haitoshi kwa mkataba wa miaka mingi. Tuijaribu ile namba.

Bilioni 32 ukiigawa kwa shilingi 292, bei ya uniti ya mteja wa kawaida bila kodi na tozo, unapata uniti kama milioni 110 kwa mwaka. Kwa saa 8,760, ni wastani wa megawati 12.5 zinazopotea. Ukiigawa kwa shilingi 100, bei ya mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, unapata uniti milioni 320, wastani wa megawati 36.5. Namba moja, majibu mawili yaliyopishana karibu mara tatu. Na kama walitumia gharama ya uzalishaji, jibu ni la tatu. Walitumia ipi? Umeme wa Ethiopia nao ukipita Kenya unapotea njiani kiasi gani, na nani analipia? Njia yetu wenyewe ya kupeleka umeme kaskazini ikiimarishwa, hasara inashuka kiasi gani, na inajilipa kwa miaka mingapi?

Haya si maswali ya uchochezi. Ni maswali ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Yangejibiwa kwa jedwali la kurasa mbili na wiki ileile mjadala ungekuwa umeisha. Hakukuwa na jedwali. Kukawa na maelezo ya mdomo, na baada ya hapo, msituvuruge.

Leo ni kaskazini na Ethiopia. Kesho ni Tunduma na Zambia. Mwaka 2024 ukame uliikausha Kariba, Zambia ikatangaza janga la kitaifa, na ndugu zetu wa Nakonde wakakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Ukame ukirudi, Zambia watakuja kununua. Watakuja na wataalamu wao, wenye bei za soko la Harare, ambako wanafanya biashara miaka yote. Sisi tutauza kwa bei gani? Nani ataangalia kwamba uniti inayovuka mpaka haiuzwi bei ya chini kuliko inayonunuliwa na fundi wa Sogea? Bila daftari, tutauziwa mbuzi kwenye gunia, na baya zaidi, sisi ndio tutakaouza mbuzi wetu kwenye gunia bila kumpima.

Tulishaungua

Wanaosema tuwaamini tu, tuwakumbushe. Mwaka 1995 nchi ilisaini mkataba na IPTL wa mtambo wa megawati 100. Ndani yake kulikuwa na malipo ya kila mwezi ya uwezo wa mtambo, uwashwe au uzimwe. Wananchi hawakuujua mkataba ule, wakaujua kupitia mabaraza ya usuluhishi na kesi. Mwaka 2006, wakati wa ukame, ikaja Richmond. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Mwaka 2014 ikaja Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 kutoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Bunge likawaka moto usiku na mchana. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba 2014, Waziri wa Nishati na Madini akafuata Januari 2015.

Angalieni kinachofanana. Kila mara mkataba ulikuwa siri. Kila mara kulikuwa na dharura, na dharura ndiyo ilitumika kusema hakuna muda wa kupiga hesabu. Na kila mara namba zilitoka baada ya hela kuondoka. Hakuna kashfa ya umeme nchi hii iliyozuiwa na namba za wazi, kwa sababu hazikuwahi kuwa wazi kwa wakati.

Na hata pasipo na wizi, kubahatisha kunagharimu. Tuliahidiwa megawati 10,000 ifikapo 2025. Mwaka 2025 ulipofika, mitambo yote ilikuwa kama megawati 4,000 na mahitaji ya juu kabisa kama megawati 1,900. Aliyepanga 10,000 alitumia modeli gani? Machi 2024, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa maelezo kwamba umeme umezidi mahitaji. Wiki chache kabla ya hapo nchi ilikuwa kwenye mgao. Na tarehe 1 Aprili 2024 gridi ikaanguka, nchi nzima giza. Mgao, ziada, giza, ndani ya majira mamoja. Hiyo si bahati mbaya ya hali ya hewa peke yake.

"Ni siri ya usalama"

Jibu tunalopewa tukiuliza ni usalama wa taifa. Haya, tuone wenzetu. Afrika Kusini, Eskom wana ukurasa wa data ambapo unasoma matumizi na uzalishaji saa kwa saa. Kenya, mamlaka yao ya nishati inatoa ripoti ya takwimu kila nusu mwaka, na mpango wao wa muda mrefu unasomeka pamoja na makadirio yake. Ulaya nzima, kwa kanuni ya mwaka 2013, mitambo na gridi zinalazimika kuchapisha data kwenye tovuti moja, bure. Hakuna aliyevamiwa kwa sababu hiyo.

EWURA wanatoa ripoti ya utendaji wa sekta ndogo ya umeme kila mwaka, na nawapongeza, mle ndani mna vitu: upotevu, muda wa kukatika, idadi ya wateja. Lakini ni ripoti ya mwaka, imefungwa kwenye faili la kusoma, inatoka mwaka umeshaisha. Huwezi kuendesha soko la kila saa kwa daftari la kila mwaka. Hata muuza nyanya wa Kaloleni hafungi hesabu hivyo.

Na hiyo siri inafichwa kwa nani hasa? Mpango Kabambe wa umeme wa 2016 uliandaliwa kwa msaada wa JICA, na ripoti yao ndefu iko kwenye maktaba ya JICA mtandaoni, Japani huko. Tathmini ya mradi wa TAZA iko kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, kwa Kiingereza. Vyuo vya Ulaya vimeshatengeneza makusanyo ya data ya kuanzia kupiga modeli ya Tanzania, wakiokoteza kwenye vyanzo vya kimataifa na kujaza mapengo kwa makadirio. Kwa hiyo mgeni anajua, mkopeshaji anajua, jirani mnunuzi anakisia vizuri. Asiyejua ni mwenye nyumba.

Sheria ipo upande wetu. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kukujibu. Mimi niliandikia ofisi moja ya umma, siitaji, maana tabia hii si ya ofisi moja. Niliomba kitu kidogo: kumbukumbu za kukatika umeme kwa kata za mji wetu kwa mwaka mmoja. Aliyepokea barua alikuwa mstaarabu, akaniuliza, "Mdogo wangu, hizo namba za nini?" Nikamwambia za kuhesabu. Akacheka. Nikaambiwa niende ngazi ya juu, ya juu ikaniambia nianzie chini. Siku 30 zikapita, na nyingine 30. Danadana ile inafundisha kitu: hawakusema namba hazipo. Walitaka kujua kwanza mimi ni mtu wa nani.

Na tusisahau walikotutoa. Mwaka 2018 Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazokanusha za serikali, adhabu faini isiyopungua milioni 10 au jela miaka isiyopungua mitatu. Sisi tulipiga kelele, tukaitwa vibaraka. Benki ya Dunia iliposema ina wasiwasi, mwaka 2019 kifungu kikarekebishwa. Somo ni chungu, lakini tulishike: leo kijana wa Tunduma anaruhusiwa kuhesabu na kusema alichohesabu. Haki isiyotumika inaota kutu.

Tunachodai, na tutakachofanya

Tunadai mambo matano, na tunataka kila mgombea wa chama chochote anayekuja kuomba kura Songwe ayajibu kwa ndiyo au hapana.

Moja, data ya matumizi na uzalishaji saa kwa saa, kwa kila mkoa, iwekwe wazi mtandaoni kwa muundo unaoweza kupigiwa hesabu, siyo picha ya karatasi iliyoskaniwa.

Mbili, kumbukumbu za kukatika umeme na umeme dhaifu zitolewe kwa kata, kila mwezi.

Tatu, mikataba yote ya kununua na kuuza umeme nje, ikiwemo ya Ethiopia na itakayopita Tunduma, iwekwe wazi kabla ya kusainiwa. Siyo baada.

Nne, mahitaji yaliyofichika yapimwe. Ofisi ya Takwimu ipite kwenye karakana, gesti, mashine za kusaga na viwanda vidogo, iulize: ungetumia umeme kiasi gani kama ungekuwepo na ungekuwa imara?

Tano, serikali ikitaja namba ya umeme hadharani, itaje pia imehesabu nini. Kufikiwa, kuunganishwa au kuwashiwa ni vitu vitatu tofauti.

Hatutasubiri waamke. Jumuiya yetu ya vijana hapa mkoani tuanze daftari la mtaa. Kila tawi liteue watu wawili, siyo mmoja, ili mmoja amkague mwenzake. Waandike tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, ulikuwa mzima au dhaifu. Risiti za LUKU zitunzwe. Majina ya watu yasiandikwe, kata inatosha. Msiongeze chumvi, hata dakika moja. Siku umeme ulipokuwa mzuri andikeni ulikuwa mzuri, kwa sababu daftari lenye uongo wa upande wetu litatuzika haraka kuliko uongo wa upande wao. Kutoka Chapwa hadi Vwawa, kutoka Itumba hadi Mkwajuni. Miezi sita ya daftari la kweli ina nguvu kuliko miaka kumi ya kulalamika kijiweni.

Chama tawala kina dola, kina redio, kina magari. Sisi tuna vijana wengi wasio na kazi ambao wanajua kusoma na kuhesabu. Wao waliona hilo ni tatizo. Mimi naona ni ofisi ya takwimu ambayo bado haijafunguliwa.

Njia ya kilovolti 400 itafika. Siku mkataba wa kwanza wa kuuza umeme kupitia hapa utakapoletwa mezani, tuwe na daftari letu mkononi, tulifungue, tuseme: hapa Tunduma kiu yetu ni hii, imeandikwa. Sasa tuoneshe yako.

Haki huinua taifa. Hesabu huilinda haki.

*Mwandishi ni mwanachama wa jumuiya ya vijana, Tunduma, mkoani Songwe.*